Miaka Mitatu Niliyoiacha Baiskeli

Mwanangu Riziki,

Umetoka na baba yako kwenda Ujiji kuwaaga jamaa zetu, na najua hamtarudi upesi, maana hakuna nyumba Ujiji inayomruhusu msafiri kutoka bila kula. Nimebaki hapa Gungu peke yangu, sanduku lako limesimama karibu na mlango. Nimekaa mezani kukuandikia mambo ambayo nikijaribu kuyasema kesho pale stesheni nitalia, wewe nawe utalia, na treni ya Tabora itaondoka hatujasemezana kitu.

Habari za sabuni na shuka sitaziandika. Mama yako mdogo amekuambia mara tano na umeitikia mara tano. Ninataka kukuandikia habari ya baiskeli. Sehemu yake unaijua kwa sababu ulikuwepo, lakini iko sehemu huijui, na ipo moja ambayo nilipaswa kukuomba radhi zamani sana nikawa naizunguka.

Babu yako, kabla mgongo haujamwinamisha, alikuwa akisafirisha mawese kwa baiskeli kutoka Simbo mpaka soko la Ujiji. Madumu mawili ubavuni, moja juu ya keria, kamba za mpira zimekazwa mpaka zinalia. Milima alikuwa akiisukuma. Miteremko aliishuka akiburuza soli ya kandambili chini, kwa sababu breki za baiskeli ile sikumbuki hata siku moja zilipofanya kazi. Jioni akirudi mtupu alikuwa ananiita, ananishikia keria, nami napitisha mguu chini ya mtaimbo wa fremu maana kwenye siti nisingefika. Nilikuwa na miaka tisa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuendesha, nimepinda kama mkungu wa ndizi, gauni limejaa harufu ya mawese, baba yangu anakimbia nyuma yangu kati ya michikichi.

Tuliishi na dada yake mkubwa, Shangazi Mwamvua, ambaye wewe hukumkuta. Siku moja alinikuta barabarani peke yangu juu ya baiskeli, akanishika sikio akanipeleka nyumbani huku majirani wanatazama. Akasema mbele yao wote, "Msichana na baiskeli wapi na wapi. Utajiharibu." Sikulielewa neno hilo, lakini niliyaona macho ya wale wanawake, na usiku ule sikutaka kula.

Babu yako hakubishana na dada yake. Asubuhi alifunga dumu moja dogo la mawese kwenye keria, akaniita, akasema kwa sauti ambayo Shangazi angeisikia jikoni, kwamba mafuta yale yatafikishwa sokoni na Zaituni. Yeye akatembea kwa miguu nyuma yangu njia nzima. Nilianguka mara mbili kabla ya kuvuka bonde la Luiche, dumu halikupasuka. Tulipofika sokoni mteja mmoja akamuuliza kama amekosa kijana wa kiume wa kumsaidia. Babu yako akafungua kamba, akashusha dumu, akamjibu, "Huyu ndiye mwenye baiskeli." Na mimi toka siku ile nilijiona hivyo, mwenye baiskeli, hata wakati sikuwa nayo.

Nilipopata ualimu wakanipanga shule ya Simbo, nilinunua baiskeli kabla ya kitanda. Baba yako hupenda kulisema hilo mbele ya wageni, na ni kweli. Tulipooana tukahamia hapa Gungu, nami nikawa nakwenda kazini kwa baiskeli kila siku ya Mungu, zaidi ya saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Mwaka wangu wa pili akaletwa mwalimu mpya kutoka Muleba, Mwalimu Perpetua, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa hajawahi kugusa usukani. Nilimfundisha kwenye uwanja wa shule baada ya wanafunzi kuondoka. Aliuvunja uzio wa bustani ya shule, akajichubua viwiko vyote viwili, lakini baada ya mwezi tukawa wawili barabarani, na tukawa wawili kwa miaka kumi.

Ningeweza kukuandikia habari za barabara ile mpaka wino uishe. Asubuhi ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya mpunga, unasikia watu wanaongea ndani yake huwaoni. Akina mama wanapita na vikapu, tunasalimiana kwa Kiha, "Mwakeye", bila kusimama. Kulikuwa na mama mmoja karibu na daraja aliyekuwa akiwaamsha wanawe kwa kuwaambia walimu wameshapita. Siku moja Perpetua aliugua, nami nikachelewa, na watoto wa mama yule wakachelewa shule, akanilaumu mimi kweli kweli. Wakati wa masika matope yalikuwa yanajaa kwenye tairi mpaka haziendi, tunabeba baiskeli mabegani kama majeneza, tunacheka. Nilipokuwa na mimba yako niliendelea kuendesha hadi mwezi wa sita, kisha nikawa nasukuma tu na Perpetua anabeba mkoba wangu. Kwa hiyo njia ile uliijua kabla hujaijua dunia.

Mambo yote ya maisha yangu niliyasema nikiwa kwenye baiskeli. Ugomvi wangu na wakwe, hofu yangu ya kutopata mtoto wa pili, ambayo ilikuja kuwa kweli, na mengine ambayo hata baba yako hajui. Mtu akiwa kando yako anatazama mbele, hakutazami usoni, unaweza kumwambia lolote.

Halafu Perpetua akahamishwa kurudi kwao, mama yake alikuwa mgonjwa. Mwaka uleule nami nikahamishiwa shule ya hapa Gungu, dakika kumi kwa miguu. Kila mtu alinipongeza. Wakasema sasa utapumzika, Mwalimu. Nilijiambia nitaendelea kuendesha kwa raha zangu tu, kila asubuhi mpaka Bangwe nikaangalie ziwa na kurudi. Wiki ya kwanza nilikwenda siku zote. Wiki ya pili ikanyesha. Ikaja Ramadhani, nikasema baada ya Idi. Baada ya Idi kukawa na mitihani. Na pale kwenye kona palikuwa na kijiwe cha bodaboda, vijana wananijua, wengine nimewafundisha kusoma. Nikitokeza tu, pikipiki imeshawashwa. Sikuamua kuacha, Riziki. Siku hiyo ya kuacha haikuwepo. Nilikuja kushtuka baiskeli iko stoo, mbele yake yamepangwa magunia ya mkaa.

Watu hudhani aliyeacha kitu hakikumbuki. Mimi nilikuwa naikumbuka kila siku. Nilikuwa naamka nikiwa nimeshachoka na deni la jana, nasema kesho, na ile kesho ikawa inanitazama vibaya zaidi kila ilipofika. Fundi baiskeli wa pale chini ya mnara wa simu alikuwa akiniona ananiuliza, "Mwalimu, chuma kiko wapi?" Alikuwa ananitania tu. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya kupita kwenye mitaro, nisikutane naye. Perpetua alikuwa ananipigia simu kila mwezi, na swali lake la kwanza lilikuwa barabara inasemaje. Nikaanza kuiacha simu yake iite mpaka inyamaze. Hivyo nikawa nimepoteza baiskeli, na njia fupi ya kwenda sokoni, na rafiki yangu, yote kwa sababu sikutaka kuulizwa.

Na nilikuwa mkali. Unamkumbuka mama wa miaka ile. Nilikuwa nafoka kwa sababu ya kijiko kuanguka.

Sasa nafika pale nilipokuwa napazunguka. Ulikuwa darasa la tano. Mteja mmoja wa baba yako alikuwa anahama mji, akamwachia baiskeli ndogo ya mtoto, nyekundu, imepakwa rangi kwa brashi mpaka spoku nazo nyekundu. Baba yako aliileta jioni akiwa ameibeba kichwani ili usiisikie inakuja. Ulirukaruka uani mpaka kuku wakakimbia. Ukaniambia, "Mama, utanifundisha kesho." Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Ulikuwa unaifuta kila siku ukitoka shule, una kitambaa chake maalumu, ukaendelea kungoja zaidi ya wiki mbili.

Jumamosi moja ukachoka kungoja, ukaipanda mwenyewe uani, ukaanguka, ukachana goti. Nilitoka jikoni nikakukuta umekaa chini unajipuliza kidonda, na badala ya kukuinua nikasimama juu yako nikasema, "Msichana na baiskeli wapi na wapi. Utajiharibu."

Neno kwa neno, Riziki. Nilimsikia Shangazi Mwamvua akitoka kinywani mwangu, nami nilikuwa najua ni yeye, na sikunyamaza. Kesho yake nikampa mjomba wako Hamidu baiskeli ile aipeleke kwake Bangwe, kwa mwanawe Jumanne. Wewe hukulia. Ulichukua kile kitambaa ukakikunja vizuri ukakiweka kwenye droo. Ningependa ungelia.

Baba yako aliniuliza kwa nini. Nilimwambia barabara zina pikipiki nyingi, mtoto atagongwa. Alinitazama kidogo akarudi kwenye cherehani yake. Sababu yenyewe sikuisema kwake wala kwa nafsi yangu: sikuweza kuvumilia katika nyumba hii kuwe na mtu anayeendesha baiskeli ilhali yangu iko nyuma ya mkaa.

Usidhani sikujaribu kurudi. Nilijaribu, na nilijaribu vibaya. Mara ya kwanza nilinunua raba mpya na suruali ya mazoezi, nikaandika ratiba ya siku sita kwa wiki nikaibandika ukutani jikoni. Siku ya kwanza ya ratiba nikaazima baiskeli ya jirani, maana yangu niliona aibu hata kuitoa, nikaenda nayo Simbo kama vile bado nina miaka ishirini na mitano. Babu yako aliniona ninavyoshuka, nimeshika kiuno, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia kwa Kiha, buhorobuhoro, mwana wanje, taratibu mwanangu. Siku mbili nilishindwa kuchuchumaa. Ratiba ikabaki ukutani mpaka wewe ukachora maua pembeni yake. Mara ya pili nilijitangaza kwenye kikundi chetu cha akina mama kwamba kuanzia mwezi ujao wataniona juu ya baiskeli. Hawakuniona. Nikaona aibu kwenda kwenye kikundi. Baada ya hapo nikasema sitalazimisha, nitangoja hamu irudi yenyewe. Niliingoja mwaka mzima.

Wewe ulikuwa umefikisha miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi ulikuwa unaomba ruhusa kwenda Bangwe kumsaidia mke wa mjomba kuanika dagaa, na mimi nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nina mtoto mchapakazi. Jumamosi moja tukapata wageni wa ghafla, nikapanda bodaboda kwenda huko mwenyewe kutafuta samaki, migebuka. Nikashukia ufukweni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo karibu kama unaweza kuihesabu miti. Wanawake wanageuza dagaa mchangani. Na kwenye ile njia ngumu kati ya vichanja na nyumba, nikaona binti anaendesha baiskeli ndogo nyekundu, magoti yanakaribia kugusa usukani, beseni la dagaa limefungwa kwenye keria, watoto wanamkimbilia nyuma. Akapita kwa bibi mmoja, akaachia mkono mmoja kumpungia, na baiskeli haikuyumba hata kidogo. Nilifurahi sana. Nilifurahi kabla sijajua ni nani.

Halafu ukaniona. Uliitupa baiskeli mchangani, dagaa zikamwagika, ukasimama hatua tatu mbali nayo kana kwamba hamjuani. Ukasema, "Mama, nilikuwa namshikia Jumanne tu."

Uso ule naujua. Ndio niliokuwa nao mimi siku niliposhikwa sikio. Mimi nilikuwa na baba wa kufunga dumu kwenye keria asubuhi yake. Wewe ulikuwa umejifunza kwa kujificha kwa zaidi ya miaka miwili, kwenye baiskeli yako mwenyewe iliyogeuka ya mtu mwingine, na ukawa unanidanganya, kwa sababu nilikufundisha kwamba kwangu ni lazima udanganye.

Mama mwenye akili angekuomba radhi palepale. Mimi nikaitazama baiskeli. Nikakuuliza, "Breki zinashika?"

Ukasema, "Ya nyuma tu."

Nikasema ya nyuma inatosha, tukapiga magoti wote wawili tukaokota dagaa, mimi nikanunua samaki nikarudi nyumbani. Sijui kama unajua nilivyofanya nilipofika. Niliwaacha wageni na baba yako barazani nikaenda moja kwa moja stoo, nikaanza kuvuta magunia. Nilitegemea kukuta tairi zimelala na cheni imekula kutu. Nilizibonyeza tairi kwa kidole gumba, zilikuwa ngumu kama jiwe. Cheni ilikuwa na oili, safi. Nikasimama mle ndani na vumbi la mkaa mpaka wageni wakadhani nimepatwa na kitu.

Walipoondoka nikamuuliza baba yako. Alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, hakuusimamisha mguu. Alisema, "Baiskeli ikikaa bila upepo tairi hupasuka." Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, mimi nikiwa shuleni, alikuwa anasogeza gunia moja, anajaza upepo, anarudisha gunia. Miaka yote ile. Na hakuwahi kuniambia hata mara moja, panda. Nimeliwaza sana jambo hilo. Angeniambia ningemchukia, na huenda ningeigawa baiskeli kama nilivyoigawa yako.

Jumamosi iliyofuata nilikuambia nitakupeleka Bangwe. Ulikaa kwenye keria, umeshika siti badala ya kunishika mimi. Kushuka hadi mjini hakuna kazi, baiskeli inajiendea. Lakini wakati wa kurudi, ule mlima wa kutoka mjini kuja Mwanga ulinishinda hata hatujafika nusu. Nilishuka, nimeinama, napumua kama mtu aliyetolewa majini. Nikajua sasa utaona kwamba mama yako amekwisha. Wewe ukaushika usukani, ukaniambia, "Mama, kaa nyuma."

Nilikuzidi uzito sana na unajua. Nikakaa. Ukasimama juu ya pedali, ukakanyaga kwa mwili mzima, tukapita nguzo ya umeme ya kwanza, na ya pili, ya tatu tukaenda upande tukaishia kwenye majani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akatuuliza kama tunahitaji msaada, nikamwambia hapana, tumefika. Tulikuwa hatujafika popote. Tukasukuma mpaka nyumbani, wewe upande huu na mimi upande ule, na njiani nikamkumbuka babu yako. Nusu ya maisha yake aliisukuma baiskeli ile, na sijawahi kumsikia mtu akisema hakuwa mwendesha baiskeli.

Safari hii hatukuandika ratiba. Hatukumtangazia mtu. Ilikuwa Jumamosi tu, kwenda Bangwe kununua samaki, kwa kuwa samaki tungewahitaji hata kama hamu haipo. Mvua ikinyesha tuliitoa baiskeli barazani, wewe unaifuta, mimi naziba pancha. Na nikuambie ukweli, Jumamosi nyingi sikutaka. Ulikuwa unaniona nimeshavaa ukadhani nimeamka nayo hamu. Sikuwahi kuikuta kitandani, mwanangu. Nilikuwa nakutana nayo mbele kidogo ya fundi, pale barabara inapoanza kuinama kuelekea mjini na upepo wa ziwa unapokupiga. Siku nyingine hata pale haikuwepo, nikaenda na kurudi bila kuiona, na samaki wakaliwa vilevile.

Fundi aliponiona mara ya kwanza, baada ya miaka mitatu ya kumkwepa, alisema tu kwamba siti yangu iko chini sana, akachukua spana akaipandisha. Nilikuwa nimeyaogopa maneno ya mtu huyu miaka mitatu.

Kwa Perpetua nilichelewa zaidi. Nilimpigia mwaka uliofuata tu, nimeandaa maelezo marefu. Akaniambia tangu aondoke Kigoma hajaigusa baiskeli hata siku moja, na alikuwa anashukuru Mungu kimoyomoyo kila nilipoacha kupokea, maana aliogopa nitamuuliza. Tulicheka sana, halafu hatukucheka. Wanawake wawili, kila mmoja anajificha asionwe na mwenzake.

Mengine unayajua. Mwaka wa pili niliumaliza mlima wa Mwanga bila kushuka, ukanisubiri juu umekaa kwenye mtaimbo unakula karanga, ukajifanya hujaona nilivyo. Baba yako alikuwa ameshatupatia baiskeli ya pili. Tukaongeza Jumatano. Tukaenda Simbo sikukuu ile, tukamkuta babu yako kwenye mkeka wake, akanyoosha mkono kubonyeza tairi zako kabla hajaitikia shikamoo. Na tumeshaacha tena mara kadhaa, unakumbuka. Nilipougua malaria mwaka juzi zilipita wiki tano. Nikawa nimekaa barazani nimejifunika shuka, naanza kuizoea njia ya bodaboda, na wewe ukapita na ndoo ya maji ukasema, bila kusimama, kwamba keshokutwa ni Jumamosi. Ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa kwamba kuacha wiki tano ni kuacha wiki tano tu.

Lakini kwa miaka yote hii tumepita Bangwe kila wiki, tumeipita njia ile ya vichanja, na hatujawahi kuitaja baiskeli nyekundu. Nilidhani kuendesha pamoja kumeshasema. Hakukusema. Kwa hiyo naandika, ili uwe nayo kwa mwandiko wangu: nilikunyang'anya kitu chako kwa sababu ya uchungu wangu, nikakitukana kwa maneno niliyojua yanavyouma, nikakuacha ujifunze kwa kujificha. Haikuwa kwa ajili ya pikipiki barabarani. Nisamehe, mwanangu.

Huko Tabora unakokwenda, ipo siku na wewe utaweka kitu nyuma ya magunia. Sijui kitakuwa nini. Huenda masomo yenyewe, huenda swala, huenda rafiki utakayeacha kupokea simu yake. Sikuombi usikiweke, mimi si mtu wa kuomba hivyo. Ila ukijikuta unapita njia ya nyuma ili usikutane na mtu wa kukuuliza, rudi upite kwake hata kama mikono mitupu. Na ikiwa mtu huyo ni mimi, jua kwamba sitakuuliza zaidi ya kama breki zinashika.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni la kwangu. Perpetua alipoondoka niliacha. Kesho unaondoka wewe. Toka siku barua yako ya chuo ilipofika nimekuwa naliwaza hilo, na wiki hii nimejikuta mara mbili naangalia magunia ya mkaa nikijiuliza yatapangwa wapi. Sina kiapo cha kukupa, nilishaapa zamani mbele ya kikundi kizima ukaona. Wala baba yako hawezi kuniendesha, yeye ni wa upepo tu.

Basi nakuomba hivi. Piga simu siku yoyote utakayo, asubuhi, mchana, hata nikiwa darasani nitatoka nje nikusikilize. Jumamosi asubuhi usipige. Ukisahau ukapiga, simu ikaita mpaka ikanyamaza, usiwe na wasiwasi, usimpigie baba yako, endelea na mambo yako. Lakini nikipokea, usinisalimie, wala usiniulize habari za nyumbani. Niulize kwa nini nimepokea.

Mama yako,
Zaituni